Ubongo ulionyimwa chakula: picha za IRM zinasema nini kuhusu kupona kwa wenye matatizo ya ulaji

Mzazi akiambiwa kwamba ubongo wa binti yake aliyekonda kwa kukataa chakula umesinyaa, jambo la kwanza analolielewa ni kwamba mtoto ameharibika na hatarudi kuwa yule aliyemjua. Habari za namna hiyo sasa zinafika hata kwetu Bukavu kwa njia ya simu: mtu anasoma kwamba watafiti wa Ulaya wamepima ubongo wa wagonjwa wa anoreksia kwa IRM (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, iitwayo pia MRI) na kuukuta umepungua, anazituma kwenye kikundi cha familia, na kutoka hapo zinageuka kuwa hukumu. Nadhani hukumu hiyo inatokana na kuzisoma picha hizo kinyume. Yaliyoonekana ndani yake, yakichukuliwa yote pamoja, ni hoja yenye nguvu ya kumlisha mgonjwa mapema, na sisi wa Kivu tuna sababu ya pekee ya kuielewa, kwa kuwa ubongo unaosinyaa kwa njaa na kujaa tena kwa chakula ulikwisha kupigwa picha kwa watoto wenye bwaki, yaani utapiamlo mkali uitwao kwashiorkor, zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Matatizo ya ulaji ni magonjwa ya akili yanayogusa mwili mzima, wala si utukutu au anasa ya watu walioshiba. Anoreksia ndiyo inayojulikana zaidi: mgonjwa hujinyima chakula hadi uzito wake unashuka chini ya kiwango cha afya, huogopa kuongezeka hata kilo moja, na mara nyingi huuona mwili wake kuwa mnene wakati mifupa ya mabega imekwisha kutokeza. Jina lake la kitabibu lilitolewa na daktari Mwingereza William Gull mwaka 1873, mwaka uleule ambapo Mfaransa Charles Lasègue alieleza wagonjwa wa aina hiyo mjini Paris. Bulimia, iliyoelezwa rasmi na Gerald Russell mjini London mwaka 1979, ina sura nyingine: mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha, hutumia dawa za kuharisha au hufunga siku nzima ili kufidia alichokula, na uzito wake unaweza kubaki wa kawaida kabisa, jambo linalomficha machoni pa ndugu zake. Ugonjwa wa tatu, wa kula kupita kiasi bila kujitapisha, ulipewa nafasi yake kamili katika mwongozo wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka 2013.

Katika makala hii nitakaa zaidi kwenye anoreksia, kwa sababu ndiko utafiti wa ubongo ulikokwenda mbali na ndiko hatari ilipo kubwa. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa wa anoreksia hufa kwa kiwango cha karibu mara sita ya watu wengine wa umri na jinsia yao, na kwamba kifo kimoja kati ya vitano ni cha kujiua. Ugonjwa wenye vifo vya namna hiyo haustahili kuitwa maringo ya wasichana.

Kinachopimwa ni nini

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika. Tabaka lake la nje, yaani gamba, lina unene wa milimita chache tu na limekunjwa mara nyingi ili eneo kubwa lienee ndani ya fuvu dogo. Katika gamba hilo, na katika viini vilivyo katikati ya ubongo, ndimo zilimo seli nyingi za neva. Madaktari huliita eneo hilo sehemu ya kijivu. Chini ya gamba kuna sehemu nyeupe, ambayo ni nyuzi zilizofunikwa kwa mafuta zinazopitisha ujumbe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani kabisa kuna vyumba vyenye maji, na maji hayohayo huuzunguka ubongo wote kwa nje. Sehemu ya kijivu au nyeupe ikipungua, maji huchukua nafasi iliyoachwa, kwa hiyo katika picha vyumba huonekana vimepanuka na mifereji kati ya mikunjo ya gamba huonekana imeachana.

Hilo lilianza kuonekana kwa wagonjwa wa anoreksia katika miaka ya 1970, mara tu baada ya mashine za skana kuingia hospitalini. Baadaye ilikuja IRM, inayotumia sumaku yenye nguvu badala ya miale, na kompyuta zikaweza kupima unene wa gamba mahali pamoja baada ya pengine. Kwa muda mrefu, hata hivyo, kila kituo kilikuwa na wagonjwa 20 au 30 tu, na matokeo yalipingana: huyu aliona upungufu katika sehemu ya gamba iitwayo insula, yule hakuuona, na mwingine aliona sehemu fulani imeongezeka. Mwaka 2022 vituo 22 kutoka nchi mbalimbali viliunganisha picha zao chini ya mradi uitwao ENIGMA, katika kazi iliyoongozwa na Esther Walton wa Chuo Kikuu cha Bath pamoja na wenzake, akiwemo Stefan Ehrlich wa Dresden. Walilinganisha wagonjwa 685 wa kike na wanawake na wasichana 963 wenye afya. Kwa wagonjwa waliokuwa bado na uzito wa chini sana, gamba lilikuwa jembamba zaidi karibu kila mahali, na viini vya ndani vilikuwa na ujazo mdogo zaidi. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mara mbili hadi nne kuliko ile inayopatikana katika magonjwa mengine ya akili yaliyopimwa kwa njia hiyohiyo, kama vile sonona na ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila kukoma.

Kisha likaja tokeo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote, ingawa ndilo linaloachwa nje habari zinapotumwa kwa haraka: kwa wagonjwa waliokuwa wamekwisha kurudisha sehemu ya uzito wao, upungufu huo ulikuwa mdogo zaidi kwa wazi. Hawakuwa wamepona kabisa, na wengi wao bado walikuwa katika matibabu, lakini ubongo ulikuwa tayari umeanza kurudi.

Kwa nini husinyaa

Mtu wa kawaida akisikia kwamba ubongo umepungua hufikiria seli zilizokufa, kama inavyotokea katika ugonjwa wa kusahau wa wazee. Kama ndivyo ilivyokuwa, kurudi kwa ujazo ndani ya miezi michache kusingewezekana, kwa sababu seli za neva za gamba zikifa hazioti upya. Kwa hiyo watafiti wanatafuta maelezo katika mambo yanayoweza kupungua na kuongezeka. La kwanza ni seli saidizi ziitwazo astrosaiti, ambazo huzilisha na kuzitegemeza seli za neva: watafiti wa Aachen, Ujerumani, walipowapunguzia panya chakula huku wakiwaachia gurudumu la kukimbilia, waliona ubongo wa panya hao umepungua ujazo na astrosaiti zake zimepungua. La pili ni matawi madogo ya seli za neva na mafuta yanayofunika nyuzi, ambayo mwili wenye njaa huyatengeneza kwa shida. La tatu ni homoni: mwili unaokufa njaa huwa na kotisoli nyingi, estrojeni kidogo, leptini kidogo na upungufu wa vichocheo vya ukuaji, na vyote hivyo hugusa ubongo. Maji ya mwili nayo yana sehemu yake, kwani mtu aliyepungukiwa maji hupimwa akiwa na ubongo mdogo kidogo hata kama ana afya.

Nisiipake picha rangi nzuri kupita ukweli. Katika damu ya wagonjwa wa anoreksia wenye uzito wa chini sana hupatikana kiwango kilichopanda cha protini moja itokayo ndani ya nyuzi za neva, ishara kwamba baadhi ya nyuzi hizo zimeumia. Kiwango hicho hushuka mgonjwa anapoongezeka uzito. Njaa basi si kitu cha kuchezea kwa kuwa tu mengi hurudi. Inaumiza kweli, na kila mwezi unaoongezeka unaipa nafasi ya kuumiza zaidi, hasa kwa kijana ambaye ubongo wake bado unajengwa.

Hapa ndipo bwaki inapotufundisha. Mwaka 1992 madaktari wa Cape Town walichapisha picha za IRM za watoto 12 waliolazwa kwa ugonjwa huo. Siku ya kuingia hospitalini, kila mmoja wao alikuwa na ubongo uliosinyaa. Baada ya siku 90 za matibabu, mabadiliko hayo yalikuwa yametoweka kwa watoto tisa na kupungua sana kwa watatu waliobaki. Sisi tunaoishi karibu na Lwiro, ambako hospitali imetibu utapiamlo wa watoto kwa miongo mingi, na katika mji wenye shirika lililojiita kwa jina la vita dhidi ya bwaki, tumeona kwa macho kile ambacho picha zile zilikionyesha kwa ndani: mtoto aliyeletwa akiwa amenyamaza, hana hamu ya kitu, hamtazami mtu, anaanza kucheka baada ya majuma machache ya maziwa ya tiba. Ni kweli kwamba kwa mtoto mdogo sana kurudi kwa ujazo hakuhakikishi kwamba atasoma shuleni sawa na wenzake, maana njaa ya miaka ya kwanza huacha alama zake. Hata hivyo mwelekeo ni uleule: ubongo wenye njaa ni ubongo unaosubiri chakula.

Kwa wagonjwa wa anoreksia, ushahidi ulio wazi zaidi umetoka Dresden. Watafiti wa huko waliwapiga picha wasichana wakati wa kulazwa na tena baada ya takriban miezi mitatu ya matibabu ya kuongeza uzito, wakaona gamba limenenepa kwa kasi katika muda huo mfupi. Kazi yao nyingine ya mwaka 2015 iliwahusisha watu waliokuwa wamepona na kukaa na uzito mzuri kwa muda mrefu, na gamba lao halikutofautika na la watu ambao hawakuugua kamwe.

Je, picha inaweza kutabiri nani atapona?

Hili ndilo swali linalowavuta wengi, na lazima lijibiwe kwa uangalifu. Utafiti mmoja wa vijana nchini Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2015, uliona kwamba upungufu wa ubongo wakati wa kulazwa ulihusiana na uzito waliokuwa nao wagonjwa baadaye. Ni jambo la maana, lakini wagonjwa walikuwa wachache, na upungufu wa ubongo wenyewe hufuatana na ukali wa njaa, kwa hiyo ni vigumu kujua kama picha iliongeza habari yoyote ambayo mizani isingeitoa. Zaidi ya hayo, matokeo yote haya ni ya wastani. Bei ya wastani ya samaki wadogo waitwao sambaza katika soko la Kadutu haimwambii mama aliyesimama mbele ya meza fulani atalipa kiasi gani. Vivyo hivyo wastani wa wagonjwa 685 haumwambii daktari jinsi binti aliye mbele yake atakavyoendelea. Ukichukua picha moja moja, wagonjwa na wenye afya huingiliana sana, na hakuna mwongozo wa tiba unaomtaka daktari apige IRM ili achague matibabu ya anoreksia. Kipimo hicho hutumika pale tu dalili zinapotia shaka kwamba kuna uvimbe, maambukizi au ugonjwa mwingine wa kichwa. Katika nchi yetu, ambamo mashine za IRM ni chache na gharama yake inaweza kumaliza akiba ya familia, nasema hili kwa msisitizo: fedha hizo ni afadhali zilipie chakula, vipimo vya damu na usafiri wa kwenda kliniki.

Yanayotabiri vizuri zaidi ni mambo ya kawaida. Ugonjwa ulioanza karibuni hupona kwa urahisi kuliko uliokwisha kukaa miaka. Uzito unaoongezeka mapema, katika majuma manne ya kwanza ya tiba ya familia (ambamo wazazi ndio wanaosimamia ulaji wa mtoto), ni mojawapo ya ishara bora kwamba kijana atafika kwenye nafuu kamili. Na kwa mgonjwa wa bulimia, kupungua mapema kwa kutapika kuna maana ileile. Sonona nzito na kujitapisha kwa muda mrefu hufanya njia kuwa ngumu. Lakini hata muda mrefu wa ugonjwa haufungi mlango. Huko Boston, wanawake 246 waliokuwa na anoreksia au bulimia walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya miaka tisa, asilimia 31.4 tu ya wenye anoreksia walikuwa wamepona; baada ya miaka 22, walikuwa asilimia 62.8. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya waliopona walipona katika kipindi ambacho wengi wetu tungekuwa tumekwisha kukata tamaa. Kwa bulimia, asilimia 68.2 walikuwa wamepona katika vipindi vyote viwili.

Njaa huvaa sura ya ugonjwa wa akili

Kuna jaribio la zamani ambalo kila mtu anayemhudumia mgonjwa wa namna hii angepaswa kulijua. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya ya mwili na akili, waliokuwa wamekataa kushika silaha na wakajitolea kwa kazi hiyo, akawapunguzia chakula kwa miezi sita hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wanaume hao walianza kuota chakula, kukusanya maelezo ya mapishi, kukikatakata chakula vipande vidogo na kukila kwa saa nzima, kujitenga na marafiki, kukasirika na kuhuzunika. Walipoachiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi kwa muda mrefu na bado wakajiona hawajashiba. Hawakuwa na anoreksia. Walikuwa na njaa, na njaa peke yake iliwapa nusu ya dalili tunazozihesabu kuwa za ugonjwa.

Ndiyo maana mazungumzo ya ushauri, hata yakiongozwa na mtu hodari, huzaa matunda kidogo wakati uzito uko chini sana. Mgonjwa husikia, hukubali, kisha hushindwa kubadilika, na ndugu zake humwona mkaidi. Ukaidi huo ni sehemu ya hali ya ubongo wake: mawazo huwa magumu, huzunguka palepale, na hata uamuzi mdogo kuhusu kijiko kimoja cha sombe (majani ya muhogo) huchosha. Utafiti uliofanyika New York na kuchapishwa mwaka 2015 uliwapima wagonjwa wakiwa wanachagua chakula ndani ya mashine. Walipochagua, kiini kimoja cha ndani ya ubongo kinachohusika na mazoea, kiitwacho striatamu, katika upande wake wa juu, kilishiriki zaidi kuliko kwa watu wenye afya. Kwa hiyo kujinyima, ambako pengine kulianza kwa nia, baada ya muda huendelea kama mazoea yasiyohitaji nia tena. Kumwambia mtu wa namna hiyo «amua kula» ni kumtaka atumie kile ambacho ugonjwa umekidhoofisha.

Wala si njaa peke yake inayoeleza kila kitu. Wanaume wa Minnesota hawakuogopa kunenepa, na wengi walirudi katika maisha yao. Anayepata anoreksia huwa na jambo lililomtangulia. Mwaka 2019 uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa 16,992 na watu 55,525 wasio wagonjwa ulibaini sehemu nane za vinasaba zinazohusiana na anoreksia, na uhusiano huo uligusa magonjwa mengine ya akili pamoja na jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Ubongo fulani basi huingia katika njaa kwa urahisi kuliko mwingine, na hutoka kwa shida zaidi.

Kwa bulimia na ugonjwa wa kula kupita kiasi, picha za muundo wa ubongo hazijaleta jibu moja. Mabadiliko ni madogo, na mwelekeo wake hutofautiana. Utafiti wa watoto wa Marekani wa miaka 9 na 10 wenye ugonjwa wa kula kupita kiasi, uliochapishwa mwaka 2022, uliona msongamano wa sehemu ya kijivu ulioongezeka katika maeneo kadhaa, kinyume kabisa na anoreksia. Hapa tiba imetangulia mbele ya picha: mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, pamoja na milo iliyopangwa kwa saa, huwasaidia wengi, na dawa ya fluoksetini kwa miligramu 60 kwa siku hupunguza kula kupita kiasi na kutapika kwa wagonjwa wa bulimia. Kwa anoreksia hakuna dawa iliyothibitishwa kuwa tiba, na dawa za sonona hazifanyi kazi vizuri katika mwili ulionyimwa chakula. Madaktari wa Toronto wamejaribu hata kuweka nyaya za umeme ndani ya ubongo wa wagonjwa waliougua kwa miaka mingi, wakianza na sita mwaka 2013. Bado ni kazi ya utafiti.

Kwa vijana wenye anoreksia, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile ya familia, iliyoanzia katika hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, ambamo wazazi hupewa mamlaka ya kumlisha mtoto hadi apone kiasi cha kujisimamia. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 na kuwahusisha vijana 121, waliotibiwa na familia walifikia nafuu kamili kwa asilimia 49 mwaka mmoja baada ya tiba kwisha, dhidi ya asilimia 23 ya waliotibiwa peke yao. Nikilisoma tokeo hilo nawaza juu ya hospitali zetu, ambamo kila mgonjwa ana ndugu anayempikia, anayemletea bugali na kulala kando ya kitanda chake. Kile ambacho London ilibidi ikifundishe upya, huku kwetu mama, shangazi na dada wakubwa wanakifanya bila kuombwa. Wanachokosa ni kuambiwa kwamba kazi yao ni tiba, na kwamba hawakusababisha ugonjwa.

Yanayochelewesha tiba hapa kwetu

Wengine watasema kwamba katika mji ambamo familia nyingi hazina uhakika wa mlo wa jioni, kuzungumza juu ya mtu anayekataa chakula ni kuwadharau wenye njaa. Naielewa hasira hiyo, lakini ugonjwa haumuulizi mtu ana nini katika sufuria. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wasichana 668 wa shule za sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Kati yao, 29 walikuwa wembamba kupita kiasi, na kwa 10 kati ya hao sababu pekee iliyopatikana ilikuwa kujinyima chakula. Wasichana hao hawakutaja unene. Walizungumza juu ya kujitawala na juu ya dini, na kufunga kwao kulikuwa na heshima machoni pao. Huko Hong Kong, katika miaka ya 1990, daktari Sing Lee naye alieleza wagonjwa wasio na hofu ya kunenepa, waliolalamika tu kwamba tumbo limejaa. Anayemtafuta mgonjwa wa anoreksia kwa kuuliza kama anataka kuwa mwembamba kama wasichana wa magazeti atampita bila kumwona.

Kwetu, binti anayekonda hivyo huenda akaaminiwa kwanza kuwa amelishwa karuho, yaani sumu, au kwamba yuko katika mfungo wa maombi usiopaswa kuingiliwa. Wazazi hawafanyi hivyo kwa upumbavu. Wanatafuta sababu ya jambo linalotisha, kwa maelezo waliyonayo. Lakini miezi inayopita kati ya mponyaji mmoja na mwingine ndiyo ileile ambayo ubongo unakosa mafuta na nishati, na dawa za kutapisha zinazotolewa kuondoa sumu zinaweza kushusha madini ya potasiamu katika damu hadi moyo ukasimama. Kiongozi wa dini aliye na moyo wa kichungaji anaweza kufanya kubwa kuliko daktari kwa neno moja tu: kwamba mgonjwa hafungi.

Kuna jambo moja la hatari katika kulisha, na wauguzi wa vituo vya utapiamlo wanalijua vizuri. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu huingia ndani ya seli kwa kasi na kupungua katika damu, na mgonjwa anaweza kupoteza fahamu au kufa kwa moyo. Kwa watoto wenye utapiamlo mkali ndiyo sababu huanza na maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100, kabla ya F-100. Kiasi cha mtu mzima au kijana hupangwa tofauti, lakini kanuni ni ileile: kuanza polepole, kumpa vitamini ya tiamini, kupima damu mara kwa mara katika siku za mwanzo, kisha kuongeza bila kusitasita. Muuguzi aliyeokoa watoto wenye bwaki anao tayari ujuzi mgumu zaidi katika tiba hii. Akiungana na wale wanaojua magonjwa ya akili, kama wahudumu wa kituo cha SOSAME hapa mjini, nusu ya timu imekwisha kupatikana.

Kwa familia, dalili za kumpeleka mgonjwa siku hiyohiyo ni mapigo ya moyo yaliyo chini ya 50 kwa dakika mchana akiwa macho, kuzimia anaposimama, kuvimba miguu, kutapika kila siku, kukataa hata maji, au kusema kwamba afadhali afe. Na akisharudi nyumbani akiwa na uzito mzuri, ulinzi usilegee. Hatari ya kurudia ugonjwa huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya matibabu, kipindi ambacho hofu ya chakula huwa haijaisha ingawa mwili unaonekana umepona na majirani wanampongeza. Apimwe kwa mizani ileile kila wiki, ale milo mitatu na vitafunio mbele ya mtu anayempenda, asiachiwe kufunga mwaka huo kwa sababu yoyote. Na uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, arudishwe kwa waliomtibu bila kusubiri kipimo kingine chochote.